Umeme wa Haibridi Unatoka Kwenye Tangi

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa mafundi wa magari na madereva. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha na michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mafundi wenzangu, madereva, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: hamjambo? Asanteni kwa kuja.

Nianze na mama mmoja, mteja wangu. Jioni moja alinipigia simu, sauti inatetemeka. Gari limemzimikia barabarani, watoto wamo ndani, giza linaingia. "Fundi, aliyeniuzia aliniambia hili ni gari la umeme. Betri naiona bado ina chaji kidogo. Mbona limezima?" Nikaenda. Nilipofungua swichi na kutazama dashibodi, mchoro wa betri ulikuwa umebaki vijiti viwili, na geji ya mafuta ilikuwa imelala kabisa. Lilikuwa gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, na tangi lilikuwa kavu.

Nikamimina dumu la lita 5, injini ikanguruma. Watoto wakashangilia. Mama hakushangilia. Alisimama pembeni, mikono kiunoni, akaniuliza: "Sasa fundi, kama hili ni la umeme, huo umeme unatoka wapi?"

Ndugu zangu, nimesomeshwa umeme wa magari na walimu wengi, lakini sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Leo nimekuja nalo hapa. Yote nitakayosema ni kumjibu yule mama: umeme unatoka wapi?

Haibridi ya kawaida, ile isiyo na mahali pa kuchomeka waya, ina mlango mmoja tu wa kuingizia nishati: mfuniko wa tangi. Mota yake ni ya umeme kweli. Betri yake ni betri kweli. Lakini umeme wote uliomo ndani yake uliingia kwanza ukiwa petroli. Injini inazungusha jenereta, jenereta inachaji betri. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kuurudisha mwendo kwenye betri. Vizuri sana. Lakini huo mwendo uliletwa na nani? Ukishuka mlima ukaiona betri inajaa, jiulize ni nani aliyekupandisha.

Na betri yenyewe ni ndogo. Ile ya Prius, haibridi ya Toyota, ya kizazi cha 2 ina uwezo wa kilowati-saa 1.3 hivi; kilowati-saa moja ndiyo ile uniti moja ya umeme wa nyumbani. Ukiiachia ivute gari peke yake, itakufikisha kilomita moja au mbili, basi. Ndiyo maana mama yule alisogea kidogo baada ya petroli kwisha, halafu akakwama.

Sisemi haya ili kuidharau haibridi. Nimekula kwa haibridi, nimesomesha watoto kwa haibridi. Na historia yake inanipa heshima kubwa kwa walioiunda. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Toyota ilimkabidhi mhandisi Takeshi Uchiyamada kazi ya kuunda gari litakalokwenda umbali maradufu kwa kiasi kilekile cha petroli. Gari lao la kwanza la majaribio lilikaa siku 49 bila kusogea. Siku 49! Wahandisi wakilala na kuamka na gari ambalo halikubali hata kuondoka liliposimama. Hawakukata tamaa, na Desemba 1997 Prius ikaanza kuuzwa Japani. Ni nani kati yetu angevumilia siku 49 mbele ya gari lisilowaka, huku mwenye gari anapiga simu?

Ukilifungua gari la umeme mtupu leo, utaona kwamba ile kazi haikupotea. Mota utaikuta. Inveta, kifaa kinachoubadilisha umeme wa betri uifae mota, utaikuta. Kompyuta inayolinda betri, nyaya za rangi ya chungwa, breki zinazorudisha umeme, vyote utavikuta, na fundi wa haibridi anavijua kwa majina. Vilivyotolewa ni injini, tangi na ekzosi.

Sasa niwape hesabu, na naomba mnivumilie maana hapa ndipo penye uzito.

Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo. Ikiungua inatoa hewa ukaa kilo 2.3 hivi. Kijana mmoja alinibishia darasani: "Mwalimu, kitu kisichofika kilo moja kinazaaje kilo mbili na zaidi?" Lilikuwa swali la haki kabisa. Kaboni iliyomo kwenye petroli, inapoungua, inakamata oksijeni iliyo hewani. Kila chembe moja ya kaboni inaondoka na chembe mbili za oksijeni, na hizo mbili kwa pamoja zina uzito wa mara 2.7 hivi kuliko kaboni yenyewe. Uzito ulioongezeka umetoka kwenye hewa tunayoivuta sote. Gari linaichukua safi na kuirudisha imebebeshwa mzigo.

Haibridi nzuri inakula lita 5 kwa kilomita 100, nyingine chini kidogo ya hapo. Lita 5 ni kilo 11 na nusu za hewa ukaa. Dereva anayekwenda kilomita 15,000 kwa mwaka anachoma lita 750, na huko nyuma ameacha zaidi ya tani 1.7. Hapo nazungumzia gari lililotunzwa: plagi safi, matairi yamejaa upepo, dereva mstaarabu. Unaweza kuibana ifike lita 4 na nusu, pengine lita 4. Kuifikisha sifuri huwezi. Huwezi! Kwa sababu jibu la swali la yule mama halijabadilika.

Halafu kuna joto. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9, kwa hiyo lita 5 ni 45. Gari la umeme mtupu la ukubwa huohuo linatumia kilowati-saa 15 hadi 20 kwa kilomita zilezile 100. Zile nyingine zinakwenda wapi? Sogeza mkono karibu na rejeta ya gari lililotoka safari, utazikuta hapo. Injini ya petroli, hata iliyosanifiwa kwa ustadi mkubwa, inapoteza zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta. Rejeta, feni, pampu ya maji, bomba la ekzosi: sisi mafundi tumetumia maisha yetu kutengeneza vifaa ambavyo kazi yake ni kutupa nje joto ambalo mteja amelilipia kituoni. Jambo hili lilinikaa moyoni siku nyingi nilipolielewa kwa mara ya kwanza.

Kuna wanaosema gari la umeme ni jambo geni, tungoje likomae. Wazee wangu, si geni. Tarehe 29 Aprili 1899, Mbelgiji aliyeitwa Camille Jenatzy alilipeleka gari la umeme kwa mwendo wa kilomita 105 kwa saa karibu na Paris. Alikuwa mtu wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa kwa gari, na hakukuwa na petroli ndani. Marekani mwaka 1900, karibu theluthi moja ya magari yote barabarani yalikuwa ya umeme. Hata haibridi ilikuwepo: mwaka huohuo wa 1900 Ferdinand Porsche alikuwa ameunda gari lenye injini za petroli zinazozungusha jenereta, na mota zimekaa ndani ya magurudumu.

Basi kwa nini yalitoweka? Sababu ni zaidi ya moja, lakini moja inanigusa kama fundi. Magari ya petroli ya wakati huo yaliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele ya gari, na mkono ule ulivunja watu viwiko na vifundo. Wengi walichagua umeme kwa kuukwepa. Ndipo Charles Kettering akatengeneza stata ya umeme, na gari la Cadillac likatoka nayo mwaka 1912. Mota ndogo ya umeme ikaenda kuwasha injini ya petroli, na gari la umeme likapoteza sifa yake kubwa. Lililobaki lilikuwa betri za risasi, nzito, zisizokufikisha mbali.

Kwa hiyo kilichokuwa kinangojwa miaka yote ile ni betri. Stanley Whittingham, John Goodenough na Akira Yoshino, watu watatu waliofanya kazi kila mmoja mahali pake, ndio walioijenga hatua kwa hatua betri ya lithiamu. Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Tangu mwaka 2010 bei ya betri hizo imeshuka kwa takriban asilimia 90. Hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Sasa nifike kwenye haibridi ya kuchomeka, ile yenye tangi na yenye soketi. Hapa nitasema wazi, na atakayekasirika anisamehe.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Haibridi ya kawaida njia mbili hazikuishinda, kwa sababu kwa kweli ilikuwa na njia moja, ya petroli, ila iliitembea kwa akili. Hii ya kuchomeka ndiyo yenye njia mbili hasa, na anayeshindwa si gari bali ni sisi wenye gari. Alikuja kwangu mteja mmoja mwenye gari la aina hiyo, lina miaka mitatu. Mwenyewe analalamika kwamba linakula mafuta kuliko alivyoahidiwa. Nikafungua buti kutafuta vifaa. Chini ya zulia nikaona waya wa kuchajia umo ndani ya mfuko wake wa nailoni, umefungwa na kitambaa chake cha kiwandani. Haujawahi kufunguliwa. Miaka mitatu amebeba betri ya kilo nyingi kila aendako, haijaonja umeme wa soketi hata siku moja.

Si yeye peke yake. Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ilichapisha ripoti mwaka 2024 iliyolinganisha vipimo vya maabara na magari yanayotembea barabarani kweli. Kwa haibridi za kuchomeka, hewa ukaa inayotoka barabarani ilikuwa wastani wa mara 3.5 ya ile iliyoandikwa kwenye vipimo. Mara tatu na nusu! Namjua dereva anayechomeka kila usiku na safari zake ni fupi. Huyo petroli anainunua mara chache, na nampongeza. Lakini gari likikupa nafasi ya kusahau, utasahau. Mimi pia ningesahau.

Gari la umeme mtupu halikupi nafasi hiyo. Jibu la swali la mama ni moja: umeme unatoka kwenye soketi. Na hapo, ndugu zangu, ndipo swali linapoanza upya, maana umeme wa soketi nao unatoka wapi?

Tuwe wakweli. Tunaposema gari lisilotoa moshi, tunasema hapo lilipo, nyuma yake hakuna bomba. Watoto wanaovuka barabara nyuma yake hawavuti ekzosi. Hiyo peke yake ni neema. Lakini matairi yanasagika na kutoa vumbi kama ya gari lingine lolote, na umeme ukitokana na makaa ya mawe, moshi umehamia kwenye bomba refu la kiwanda. Kutengeneza betri nako kunachafua: gari la umeme linatoka kiwandani likiwa na deni la hewa ukaa kubwa kuliko la petroli, na linalilipa kadiri linavyotembea. Penye umeme safi linalilipa upesi, penye makaa linachelewa.

Kwa nini basi nasimama upande wake? Kwa sababu gridi, yaani mtandao wa umeme wa nchi, inabadilika; petroli haibadiliki. Wakijenga bwawa, wakiweka mitambo ya jua au ya upepo, kila gari la umeme lililoko barabarani linakuwa safi zaidi usiku huohuo bila fundi kuligusa. Haibridi siku inayotoka kiwandani ndiyo siku yake safi kuliko zote. Baada ya hapo ni kuzeeka tu.

Angalieni Norway. Sehemu kubwa sana ya umeme wao inatokana na maji, na mwaka 2024 magari mapya 9 kati ya 10 hivi yaliyouzwa huko yalikuwa ya umeme mtupu. Mtasema hao ni matajiri. Haya, tazameni Ethiopia. Mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza nchini magari binafsi ya petroli na dizeli. Sababu yake ni ya nyumbani kabisa: mafuta wanayanunua nje kwa fedha za kigeni zisizotosha, na umeme wa maji wanazalisha wenyewe. Waliuliza swali la yule mama, wakalijibu kwa hesabu yao. Na duniani kote, mwaka 2024 yaliuzwa magari zaidi ya milioni 17 ya umeme, ukijumlisha na haibridi za kuchomeka. Katika magari mapya matano, zaidi ya moja.

Lipo jambo la kobalti, na sitalipita. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo wameonekana watoto. Hakuna gari safi linalotengenezwa kwa mikono ya mtoto. Habari njema ni kwamba betri za lithiamu, chuma na fosfeti, ambazo sasa zimo kwenye magari mengi hasa ya China, hazina kobalti wala nikeli kabisa. Ukinunua gari, uliza betri yake ni ya aina gani. Uliza hadi muuzaji aende kutafuta jibu.

Mafundi wenzangu, najua mnangoja nifike kwenu. Swali lililoandikwa kwenye vikaratasi vingi mlivyonipa ni hili: tutakula nini? Gari halina oili ya injini, halina plagi, halina taiming belti, halina ekzosi.

Nitawaambia nilichokiona gereji. Magari ya umeme ni mazito, kwa hiyo bushi, shokomzoba na matairi yanachoka mapema. Breki hazitumiki sana kwa sababu mota ndiyo inayofunga mwendo, na diski zisizotumika zinapata kutu na kukwama. Hiyo ni kazi. Betri ndogo ya volti 12 bado ipo, na ikifa, gari lenye betri ya mamia ya kilo haliwezi hata kufungua mlango wake vizuri. Mfumo wa kupooza betri una pampu na maji ya kuangaliwa. Nissan Leaf za mwanzo hazikuwa na upoozaji wa maji, na penye joto kali betri zake zilipungua uwezo haraka. Hilo limetufundisha sote kutazama joto kabla ya kulaumu betri.

Na mengi ya haya haibridi ilitufunza. Niliwahi kuletewa Prius iliyohukumiwa kwingine kwamba betri nzima imekufa, itupwe. Nikang'oa kiti cha nyuma. Feni ya kupooza betri ilikuwa imejaa nywele na vumbi, imeziba kama mto wa sufi. Nikapima moduli, yaani vipande vinavyounda betri, moja moja, zote 28. Mbovu ilikuwa moja. Moja! Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa auze vyuma.

Nimalizie na lile ninaloliogopa, na vijana nisikilizeni. Kuna mwanafunzi wangu mmoja, mikono yake ni hodari kuliko yangu. Siku moja alichomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, ile inayokata umeme wake, akaiweka mfukoni kama tunavyofundisha ili mwingine asiirudishe, akaenda moja kwa moja kwenye inveta na spana. Nilimshika kifundo cha mkono. Nikachukua mita, nikapima mbele yake. Volti zaidi ya 100 bado zilikuwamo, zimekaa kwenye kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda, wakati betri imekwisha kukatwa. Hatukusema neno. Tulisimama pale wawili tukiitazama mita inashuka taratibu. Kitabu cha gari kinaposema subiri dakika 10, ni dakika 10 za saa. Magari ya umeme mengi yana volti 400, mengine 800. Glavu ziwe za volti 1,000, na kila asubuhi uzijaribu: unakunja mdomo wa glavu, upepo unabaki ndani, unaikandamiza na kuiweka karibu na shavu. Ukisikia upepo unapita hata kidogo, kata hiyo glavu vipande viwili ili mwenzio asije akaivaa kesho.

Nje pale kuna magari mawili, yote yametoka safari ya umbali mmoja kabla hamjaingia humu. Moja haibridi, moja la umeme mtupu, boneti ziko wazi. Anzeni na haibridi, sogezeni mikono karibu na rejeta bila kuigusa, halafu nendeni kwenye lile jingine. Kwenye kufungua inveta tutaingia kwa zamu, kwa sababu glavu nilizozipima leo asubuhi ni jozi sita tu.